Barua chini ya bawa la kwezi

Kuna maneno yako mwishoni mwa hadithi moja ya Wales inaitwa Breuddwyd Rhonabwy, yaani Ndoto ya Rhonabwy, na mi huwa nawaambia watu waanzie hapo kabla hawajagusa hadithi nyingine yoyote ya kule. Aliyeiandika anasema hakuna mtu anayeijua ndoto hii bila kitabu, awe malenga awe msimulizi, kwa sababu ya wingi wa rangi zilizokuwa kwenye farasi, na rangi za ajabu za silaha na matandiko, na mavazi ya thamani, na vito vyenye nguvu. Bila kitabu. Hayo ni maneno ya zama za kati, yako kwa Kiwelisi, ndani ya kitabu chenyewe, na yanapingana na vile wengi wetu tumezoea kuambiwa kuhusu hizi hadithi.

Maana tumezoea kuambiwa kwamba Mabinogion, yaani hizi hadithi 11 za kale za Wales, ni ngano za mdomo, wazee wamezunguka moto, mmoja kaanza, wengine wameitikia, halafu siku moja kapita mtu na kalamu kaandika alichosikia, basi. Picha nzuri na ina ukweli ndani yake, siikatai hata kidogo. Wasimulizi walikuwepo, Kiwelisi kina neno lao kabisa, cyfarwydd, na kwenye tawi la nne la Mabinogi, yaani hadithi ya mwisho kati ya nne zinazofuatana, kuna huyu Gwydion anaenda na wenzake hadi kwa mfalme Pryderi wakijifanya malenga, anawasimulia usiku ule mpaka kasri zima linampenda, halafu anachukua nguruwe wa Pryderi kwa kubadilishana na farasi 12 na mbwa 12 ambao kumbe amewatengeneza kwa uchawi na uchawi wenyewe unadumu siku moja tu. Hadithi inasema alikuwa msimulizi bora kuliko wote duniani. Kwa hiyo heshima ya mdomo ilikuwepo na ilikuwa kubwa. Lakini tukiishia hapo tunawanyima haki yao watu wengine kabisa, yule aliyelipia ngozi za kuandikia, na yule karani aliyeinama juu ya hizo ngozi miezi na miezi. Mi nasema hawa ndio wametufikishia hizi hadithi, na tukiwazungumzia kama vile ni mapipa tu ya kuhifadhia maneno ya wengine tunakosea.

Vitabu vyenyewe vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni Llyfr Gwyn Rhydderch, Kitabu Cheupe cha Rhydderch, kiliandikwa karibu na mwaka 1350, leo kiko Maktaba ya Taifa ya Wales pale Aberystwyth, na kimegawanywa majalada mawili yenye namba Peniarth 4 na Peniarth 5. Cha pili ni Llyfr Coch Hergest, Kitabu Chekundu cha Hergest, kiliandikwa baada ya 1382 na kazi yake ikaendelea hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 15, hiki ni mali ya Jesus College kule Oxford na kinatunzwa kwenye maktaba ya Bodleian. Huo weupe na wekundu ni rangi ya jalada, hakuna fumbo lolote hapo. Ndani ya hivyo viwili ndimo zilimotoka hadithi zote 11: matawi manne ya Mabinogi ambayo ni Pwyll, Branwen, Manawydan na Math, halafu Culhwch na Olwen, Ndoto ya Macsen, Lludd na Llefelys, Ndoto ya Rhonabwy, na zile tatu za mashujaa wa mfalme Arthur ambazo ni Owain, Peredur na Geraint.

Hata hili jina Mabinogion ni jambo la kalamu, siyo la mdomo. Kila tawi kati ya yale manne linafungwa kwa kusema hapa linaishia tawi hili la Mabinogi, ila mwisho wa tawi la kwanza karani kaandika mabynnogyon, na wataalamu wengi wanaona mkono uliteleza tu kwa sababu kuna neno lingine karibu na hapo lenye mwisho kama huo. Karne nyingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 18, William Owen Pughe akalichukua, halafu Lady Charlotte Guest akalitumia kwenye tafsiri yake ya Kiingereza iliyotoka kwa sehemu kuanzia 1838 hadi 1845, na ndo likabaki. Sasa dunia nzima inaziita hadithi zote 11 kwa neno ambalo linahusu nne tu na lenyewe limetokana na kuteleza kwa kalamu. Mi hilo halinisumbui, jina limeshakuwa jina, ila linaonyesha jinsi mkono wa karani ulivyo na nguvu.

Na hakuna karani wa wakati ule aliyekuwa na wazo la kitabu kimoja cha hadithi 11, hiyo pakiti ni ya watu wa baadaye. Mpangilio wa Kitabu Cheupe siyo mpangilio wa Kitabu Chekundu. Kwenye Chekundu hadithi zimekaa jirani na historia za wafalme, mashairi mengi sana, na hata maelezo ya dawa za wale waganga wa Myddfai. Ni maktaba ya nyumba nzima imeshonwa pamoja, safu zaidi ya 1,400 kwenye majani zaidi ya 350 ya ngozi. Nimekaa usiku na simu nakuza kurasa zake maana picha ziko mtandaoni bure, za vitabu vyote viwili, na kitu kilichonishika siyo uzuri, hakina mapicha ya dhahabu kama vile vitabu vya kanisa vinavyooneshwa kwenye makumbusho, ni safu mbili mbili za maandishi yamebanana, ukurasa baada ya ukurasa, mtu anataka kuingiza kila kitu. Unaona kabisa haraka ya kuokoa.

Kuokoa na nini? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1282 Llywelyn ap Gruffudd, mkuu wa mwisho wa Wales iliyojitawala, aliuawa, na Edward wa Kwanza wa Uingereza akaichukua nchi na kuizungushia ngome za mawe. Malenga waliokuwa wanaishi kwenye majumba ya wakuu wakabaki bila wakuu. Kwa hiyo Kitabu Cheupe kinaandikwa kama miaka 70 baada ya msiba huo, na aliyekuwa nacho, Rhydderch ab Ieuan Llwyd wa Parcrhydderch, Llangeitho, kule Ceredigion, siyo muasi wala siyo mtawa. Ni mwenye ardhi, bingwa wa sheria za asili za Wawelisi, na wakati huohuo ameshika vyeo kwenye utawala wa mfalme wa Uingereza. Kuna watu wakifika hapo wanakunja uso, wanasema msaliti huyo, amekula na waliomteka. Mi naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mshahara wa cheo na mazao ya ardhi ndivyo vilivyowezesha makarani watano kukaa chini na kuandika Pwyll na Branwen na Peredur kwa lugha ambayo ofisi za mfalme hazikuwa na haja nayo kabisa. Ngozi ya ndama haikuwa rahisi, kitabu kikubwa kilimaanisha kundi zima la mifugo, na mtu mwenye pesa ya namna hiyo angeweza kuagiza vitabu vya Kilatini au Kifaransa akaonekana mstaarabu mbele ya wakubwa wake. Yeye akaagiza Kiwelisi. Huo uchaguzi una uzito wake.

Kitabu Chekundu kinatupa watu kwa majina zaidi. Mwenyewe alikuwa Hopcyn ap Tomas ap Einion, tajiri wa Ynysforgan karibu na Swansea, mpenda vitabu kwelikweli, hata malenga Dafydd y Coed alipomsifu kwa shairi akataja vitabu vilivyokuwa kwenye nyumba yake, siyo farasi na mvinyo tu kama ilivyokuwa desturi. Karani mkuu alikuwa Hywel Fychan ap Hywel Goch, wa Buellt. Na huyu Hywel ametuachia sauti yake. Kuna kitabu kingine alichomwandikia Hopcyn, leo kiko Philadelphia kule Marekani, ndani yake kuna historia ya wafalme wa Britania, na mwishoni anajitaja jina, anasema ameyaandika yote haya kwa amri ya bwana wake Hopcyn, halafu anaongeza maoni ambayo hayakuwa lazima: kwamba kati ya wakuu wote wasiostahili sifa kabisa ni Gwrtheyrn na Medrawd, kwa sababu usaliti wao ndio ulioangusha wakuu bora, na kizazi cha hao wakuu bora kimelia tangu siku hiyo mpaka leo, kikivumilia maumivu na utumwa na uhamisho ndani ya nchi yao wenyewe.

Soma tena hayo ya mwisho. Uhamisho ndani ya nchi yao wenyewe. Hayo siyo maneno ya mashine ya kunakili, ni mtu anajua anachokifanya na anajua kwa nini. Ndo maana nakataa ile habari ya kwamba makarani walikuwa wanahamisha maneno tu kutoka mdomoni kwenda kwenye ngozi kama mtu anavyochota maji kisimani.

Tena walikuwa wanachagua. Chukua Peredur. Kwenye vitabu viwili vikubwa hadithi inaendelea mpaka kwenye wale wachawi wa Caerloyw, lakini kuna kitabu cha zamani zaidi, Peniarth 7, cha karibu na mwaka 1300, chenyewe kinaishia pale Peredur anapotawala na malkia wa Konstantinopoli miaka 14, na hadithi inafungwa hapo, imekwisha, nenda kalale. Ipi ndiyo Peredur ya kweli? Wapo wanaosema ile fupi ndiyo ya asili na nyingine zote ni nyongeza, wengine wanasema hapana. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya, zote mbili ni kweli, kuna mtu aliyeona imetosha na kuna mwingine aliyeona bado, na wote wawili walikuwa na kalamu mkononi.

Sasa nirudi kwa Branwen maana hoja yangu yote iko pale jikoni kwake. Branwen ni dada wa Bendigeidfran, mfalme wa Kisiwa cha Britania, jitu kubwa haliingii kwenye nyumba. Ameolewa na Matholwch mfalme wa Ireland, na kwenye harusi ndugu yake wa mama mmoja, Efnisien, kwa hasira ya kutoombwa ruhusa, anawakatakata farasi wa wageni midomo na masikio na mikia. Fidia inalipwa, lakini huko Ireland maneno yanarudi, watu wanamlaumu mfalme, na adhabu anaibeba Branwen. Anatolewa chumbani kwa mume wake, anapelekwa jikoni kuipikia kasri nzima, na kila siku mkata nyama akimaliza kukata nyama yake anakuja kumzaba kofi. Hivyo hivyo miaka isiyopungua mitatu. Na Waayalandi wanazuia meli na mashua zisiende Wales, na wakija watu kutoka Wales wanafungwa wasirudi, ili habari isivuke.

Anafanya nini? Pale kwenye ukingo wa chombo chake cha kukandia unga analea kifaranga cha kwezi. Anamfundisha lugha, anamweleza kaka yake ni mtu wa namna gani. Halafu anaandika barua ya mateso yake na aibu yake, anaifunga chini ya mbawa za yule ndege na kumtuma. Kwezi anavuka bahari, anamkuta Bendigeidfran kwenye baraza huko Caer Saint, Arfon, anatua begani kwake, anatimua manyoya mpaka barua inaonekana, na watu wanaelewa huyu ndege amelelewa na watu. Barua inachukuliwa, inasomwa.

Angalia vizuri hapo. Ndege amefundishwa kusema, msimulizi angeweza kabisa kumfanya aseme, ingekuwa rahisi na watu wangepiga makofi. Lakini pale penyewe, begani kwa mfalme, kinachofanya kazi ni barua. Mdomo umesaidia njia, umemwambia ndege aende kwa nani, ila maumivu ya mwanamke yamefika yakiwa yameandikwa. Aliyeitunga hadithi hii, na wengi wanadhani ni kati ya karne ya 11 na ya 12, alikuwa mtu wa dunia zote mbili, na sijui kama kuna picha nyingine yoyote ya zama zile inayoonyesha hivyo kwa ukaribu wa namna hii, unga kwenye vidole, kifaranga ukingoni, barua ndogo ya kutosha bawa.

Kinachofuata ni vita, na vita inaisha vibaya, Wawelisi saba tu ndio wanabaki, na Bendigeidfran akiwa amejeruhiwa kwa mkuki wenye sumu anaamuru wamkate kichwa waondoke nacho. Wanakaa Harlech miaka saba wanasikiliza ndege wa Rhiannon, kisha Gwales miaka 80, kichwa kinapiga nao stori kama kawaida, hakuna huzuni, hakuna kumbukumbu, kwa sababu kuna mlango mmoja unaotazama Cornwall na haujafunguliwa. Siku moja Heilyn mwana wa Gwyn anasema aibu iwe juu ya ndevu zangu nisipoufungua nione kama ni kweli wanavyosema. Anafungua, na msiba wote unawarudia kana kwamba umetokea dakika ile ile. Ndipo wanaenda London kukizika kichwa kwenye Kilima Cheupe. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nafika pale mlangoni moyo unanienda mbio.

Kipande cha hadithi hii kipo pia kwenye ngozi ya zamani kuliko Kitabu Cheupe, vipande vya Peniarth 6 vya karne ya 13, Branwen kidogo na Manawydan kidogo. Vipande! Maana yake kulikuwa na vitabu vingine kabla, vizima, na vimeliwa na panya, unyevu, moto, au mtu tu aliyehitaji ngozi ya kufungia kitu. Culhwch na Olwen kwenye Kitabu Cheupe imekatika, tunaipata nzima kwenye Chekundu. Ndoto ya Rhonabwy leo ipo Chekundu peke yake. Ukiondoa kitabu kimoja tu, yule jamaa aliyelala kwenye ngozi ya ng'ombe ya manjano ndani ya nyumba chafu iliyojaa kinyesi akaota Arthur na Owain wanacheza gwyddbwyll kwenye ubao huku watu wa mmoja wanawaumiza kunguru wa mwenzake, hayupo. Hatungejua hata kwamba tumempoteza.

Na hilo lilikuwa karibu sana kutokea. Nyumba ya Hafod iliungua 1807 na miswada ya Kiwelisi ikateketea ndani, Wynnstay ikaungua 1858, hali ikawa ile ile. Kitabu Cheupe kimepona kwa sababu kilikuwa kwingine, kwa Robert Vaughan wa Hengwrt karibu na Dolgellau, mtu wa karne ya 17 aliyekusanya miswada maisha yake yote, na wa kushirikiana naye alikuwa John Jones wa Gellilyfdy ambaye alikuwa ananakili miswada akiwa jela ya wadaiwa kule London. Mtu amefungwa kwa madeni na bado ananakili. Kutoka Hengwrt mkusanyiko ukaenda Peniarth mwaka 1859, halafu daktari Sir John Williams akaununua, na ndio ukawa msingi wa Maktaba ya Taifa iliyoanzishwa 1907. Kitabu Chekundu kilifika Jesus College mwaka 1701 kama zawadi. Kila hatua hapo kuna mtu angeweza kusema haya makaratasi ya nini.

Lady Charlotte naye apewe haki yake. Mke wa mwenye viwanda vya chuma vya Dowlais, alijifunza Kiwelisi, akazaa watoto kumi, akafanya kazi kutoka kwenye nakala ya Kitabu Chekundu aliyoandikiwa na mwingine, na bila yeye Ulaya isingezijua hizi hadithi mapema vile. Ila kumwita mwokozi wa hadithi hizi, kama wengi wanavyofanya, ni kuanza kuhesabu kutoka kwa mtu wa mwisho kwenye mstari. Mtu akinambia hadithi za Wales ziliokolewa karne ya 19 namuuliza, na Hywel Fychan je?

Kuna jambo moja linanifanya niamini kwamba wao wenyewe walijua vitabu hivi ni vya nini. Mwaka 1403 Wales ilikuwa inawaka, Owain Glyndŵr ameinuka dhidi ya mfalme wa Uingereza, ameshafika Carmarthen na mji umeanguka mikononi mwake. Kabla ya kusonga mbele akatuma aitwe Hopcyn ap Tomas, yule yule wa Ynysforgan, kwa sababu alisifika kuwa bingwa wa Brut, yaani wa historia za kale na utabiri wake. Jemadari katikati ya vita, na jeshi lake linasubiri, anamuita mwenye vitabu amwambie yatakayompata. Hopcyn akamwambia atakamatwa muda si mrefu, kati ya Carmarthen na Gower, chini ya bendera nyeusi. Barua ya wakati ule ndiyo inayotusimulia hayo. Glyndŵr hakukamatwa hapo wala popote. Na Hopcyn akarudi nyumbani kwake.